Vitabu vya maktaba ya shule vinaota ukungu, tunafuta vinarudi: wenye uzoefu njooni

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za huko mliko. Sisi huku Rungwe mlima hatujauona tangu juzi, jua tunasimuliwa na wenzetu wa Uyole.

Nafundisha sekondari ya kata nje kidogo ya Tukuyu. Mwaka jana nilikabidhiwa maktaba. Kukabidhiwa maana yake nilipewa funguo mbili na leja, na mkuu wa shule akaniambia "mwalimu, pale pako vizuri". Ni darasa lililogeuzwa, mita 8 kwa 6 hivi, madirisha manne, mawili yamezibwa na shelfu. Vitabu vinakaribia elfu moja na mia tatu: vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), vya ziada, kamusi, na maboksi ya riwaya za msaada ambazo sijawahi kumwona mtu akizifungua.

Tulipofungua shule mwezi wa saba, harufu ilinipokea mlangoni kabla sijawasha taa. Ile ya gunia la maharage lililonyeshewa. Shelfu ya nyuma kabisa, vitabu vya Baiolojia vimeota unga wa kijivu wenye ukijani migongoni, vingine vina manyoya meupe kama ya kifaranga. Nikavuta kamusi moja, zikatoka mbili, zimegandana majalada. Kulikuwa na mwanafunzi ananisaidia kubeba, kumbe ana pumu. Hazikupita dakika kumi akawa ameshika kifua. Nilimtoa nje nikakaa naye mpaka akatulia, na kwa kweli siku hiyo sikurudi ndani.

Tumefuta kwa kitambaa kikavu: wiki tatu, vimerudi. Tumefuta kwa maji ya sabuni: wiki mbili, vimerudi tena na safari hii vingi zaidi. Sasa nataka kuwachukua kidato cha pili walioadhibiwa, tufute vyote kwa pamoja Jumamosi. Kabla sijafanya hivyo nimesema niulize. Dawa yake ni nini? Hela sina, naomba tuanzie hapo.

#2 Kijana wa Kiwira

Mwalimu, Kiswahili kimetuonea sisi watu wa Rungwe. Ukungu wa mlimani, ukungu wa kwenye mkate, jina moja. Ukimwambia mtu wa Dodoma "huku ukungu umezidi" hajui akuletee sweta au kitambaa.

Naweka kigoda hapa nisome.

#3 Mtu wa Mahindi

Hili dogo sana mkuu. Toa vitabu vyote nje, anika juani siku nzima. Ndani mwagia Jiki kuta zote, na vitabu vyenyewe vifute kwa Jiki na maji. Ukirudisha, weka vile vidonge vya kufukizia mahindi, vitatu vinatosha, funga chumba siku tatu. Stoo yangu ya mahindi haijawahi kuingia kitu.

#4 Mkutubi Mstaafu

Mwalimu, naomba usifanye lolote la hapo juu kabla hujanisoma. Nimekaa na vitabu miaka mingi, nilianzia Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka pale Bagamoyo, nikaja kustaafu huku kwenye baridi.

Nianze na vidonge. Vinatoa gesi ya fosfini. Inaua fukusi, inaua panya, na inaua mtu vilevile. Haikutengenezwa kwa ajili ya ukungu wala kwa chumba ambacho Jumatatu watakaa watoto. Mtu wa Mahindi, kwenye stoo yako pia kuwa mwangalifu, hasa kama mnalala nyumba hiyohiyo.

Jiki kwenye karatasi inakula wino na inakula karatasi yenyewe. Kitabu kitang'aa wiki moja, kisha kitaanza kumeguka pembeni. Na asitokee mtu wa kuichanganya na siki au dawa ya choo akidhani anaongeza nguvu, hapo anatengeneza gesi ya sumu.

Jua la siku nzima linapinda jalada kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa vibaya. Gundi ya mgongo inakauka, kurasa zinamwagika. Saa moja mbili za jua la asubuhi si vibaya, lakini mimi napenda kivuli chenye upepo. Barazani panatosha.

Sasa kazi yenyewe. Chukua brashi ndogo laini uguse ule ukungu kwa ncha. Ukipakaa na kuacha alama yenye ubichi, uko hai. Ukipukutika kama vumbi, umelala. Ukiwa hai usiufute, maana utausugulia ndani ya karatasi, na hapo ndipo mlipokosea na kitambaa. Maji ya sabuni nayo ni kama mliunywesha uji. Kwanza kausha: simamisha vitabu barazani, vifunguke kidogo kama feni ya mkono, siku mbili tatu. Ukishalala ndipo unapiga brashi, nje, upepo ukiwa unatoka kwako kwenda mbele ili vumbi lisikurudie usoni. Kitabu kikiwa kimefungwa kwa nguvu, unatoka mgongoni kwenda pembeni. Jalada gumu unalimalizia kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, kidogo tu, jaribu kwanza kwenye kona. Kurasa za ndani usizipake spiriti, wino mwingine unayeyuka.

Barakoa ni zile ngumu zinazobana pua, N95. Zile nyepesi za bluu hazizuii vumbi hilo inavyotakiwa. Glovu pia. Feni msiwashe kuelekea kwenye vitabu vyenye ukungu, mtasambaza mbegu zake chumba kizima.

Na wanafunzi usiwape kazi hii kama adhabu. Wanne watano wakubwa waliojitolea, wasio na pumu wala mzio, wenye barakoa, basi.

La mwisho ni gumu kulimeza: mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali, hata humo chumbani kwako unaposoma hapa. Hutazimaliza. Unachoweza kuzinyima ni maji. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 60, haziamki. Ukipita 65, 70 na kukaa hapo, zinaamka.

#5 Mwalimu wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Adhabu nimeifuta. Jiki nilikuwa nimeshanunua lita tano, zitakwenda chooni.

Swali la kijinga: hiyo asilimia 60 naijuaje?

#6 Kipima Mvua

Marahaba kwa niaba ya mzee, hajaamka huyo.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, Mufindi, kwa hiyo ukungu wa aina zote mbili naufahamu. Mwalimu, kwenye stoo ya Jiografia ya shule yako kuna themomita mbili zimelala tangu mada ya kituo cha hali ya hewa. Zitoe. Moja iache kavu. Ya pili izungushie kwenye balbu yake kitambaa cha pamba, ncha yake iingie kwenye kikopo cha maji. Zipepee kwa daftari dakika tatu kisha usome. Kavu ikisema 20 na yenye maji ikisema 16, unyevu ni karibu asilimia 66. Zikikaribiana, umekwisha. Zikisoma sawasawa, hewa imejaa maji kabisa. Jedwali la kusomea lipo kwenye vitabu vya Jiografia, kama havijaota.

Kuna haigromita (vipima unyevu) ndogo za betri pia, wanauza maduka ya vifaa vya kutotolesha vifaranga. Hiyo ndiyo njia rahisi.

Lakini nikuulize kitu: shelfu iliyoota zaidi imeegemea ukuta upi? Nadhani ukuta wa nje, upande usiopigwa na jua. Sababu ni hii. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70 haitishi sana. Hewa hiyohiyo ikigusa ukuta wenye nyuzi 14, pale ukutani inakuwa kama asilimia 90. Ni maji yaleyale, ila hewa baridi haina nafasi ya kuyabeba. Ndiyo maana chupa ya soda ikitoka kwenye friji inatoka jasho. Ukuta wako wa nyuma ni chupa ya soda, na shelfu umeibandika hapo hakuna upepo unaopita. Utapima katikati ya chumba useme "mbona nafuu", kumbe nyuma ya Baiolojia kuna mvua.

Sogeza shelfu mbele uone, halafu uje utuambie.

#7 Mama Maparachichi

Wanangu, hamjataja chumvi. Chumvi kwenye mabakuli kila kona, na mkaa kwenye kapu. Mimi kabatini kwangu naweka, nguo hazinuki. Rahisi, haina sumu.

#8 Mwalimu wa Zamu

Nimesogeza. Nimepiga na picha lakini bando halitoshi, niwaeleze tu.

Tulikuwa wanne, mimi, mlinzi na vijana wawili. Tulitoa vitabu, tukaivuta shelfu, ikatoa sauti kama ngozi inayobanduka. Mgongo wake ni plaiwudi, na plaiwudi imevimba mpaka tabaka zinaachana, unaingiza kidole. Ukutani ukungu umechora shelfu nzima: mistari ya mbao, mraba kwa mraba, meusi kati, kijani pembeni. Yaani ungeweza kuhesabu rafu bila kuiona shelfu. Sakafuni chini yake kulikuwa na daftari la mahudhurio ambalo tumelitafuta tangu mwaka juzi. Sasa ni uji.

Nimeweka kiganja ukutani. Baridi, na kikatoka na maji.

Upande wa dirishani, ambako shelfu haijagusa ukuta kwa sababu ya nondo za dirisha, vitabu ni vizima.

#9 Kipima Mvua

Hapo umeshajijibu nusu ya swali lako. Sogeza shelfu zote, zipite kiganja kizima kutoka ukutani, na miguu iinuliwe kwa tofali. Ya nyuma ikiwezekana ihamie ukuta wa ndani, ule mnaochangia na darasa la jirani. Ukuta wa ndani haupati baridi ile. Vitabu msivibane, kidole kipite kati.

Mama, shikamoo. Chumvi yako nina kesi nayo. Chumvi safi ya mezani haianzi kunyonya maji mpaka unyevu wa hewa uvuke asilimia 75. Wakati inalowa, ukungu umeshaamka zamani, uko kwenye kifungua kinywa. Ya mawe yenye uchafu inawahi kidogo kulowa, lakini si kwa kuokoa chumba cha mita 8 kwa 6. Mkaa unapunguza harufu, ndiyo maana nguo zako hazinuki. Chumba hautakikausha.

Ila hiyo 75 ina kazi nyingine nzuri. Mwalimu akipata haigromita, achukue kifuniko cha soda, ajaze chumvi, adondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Aviweke pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, avifunge, avilaze usiku kucha. Asubuhi inatakiwa isome 75. Ikisoma tofauti, tofauti hiyo ndiyo uongo wa mashine yako.

#10 Mama Maparachichi

Marahaba mwanangu. Haya, chumvi narudisha jikoni. Mkaa naacha.

#11 Fundi Gata

Mimi ni fundi ujenzi, nimejenga madarasa Busokelo mpaka Makete. Walimu mnaongea hewa hewa, mimi naangalia ukuta.

Upande wa mlima huku mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, lakini utakuta darasa halina gata. Maji yanashuka bati, yanachimba mfereji chini ya ukuta, yanaruka na tope mpaka mita moja juu. Tofali la kuchoma ni sifongo. Linakunywa kutoka chini, linapandisha. Mwalimu, toka nje uangalie ukuta huo: kama kuna mstari wa tope na kijani chini, na nyuma kuna migomba imebanana au udongo umepanda juu ya msingi, jibu unalo.

Udongo uondoe, ukae chini kabisa ya usawa wa sakafu ya ndani. Mfereji wa kupeleka maji mbali hauhitaji fedha, unahitaji majembe. Migomba irudi nyuma upepo upite. Gata ndiyo ya hela, lakini hata upande mmoja tu, ule wa maktaba, ni kitu.

Ndani, wengi wanapaka rangi ya mafuta ili "kuzuia maji". Unayafungia ndani. Yatatafuta pa kutokea, rangi itavimba kama lengelenge, ukungu utaota nyuma yake. Kwangua ile iliyokufa, ukiwa na barakoa, acha ukuta ukauke, kisha paka chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta upumue, na ukali wake ukungu hauupendi. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya bei nafuu. Chungeni macho tu wakati wa kupaka.

#12 Mwalimu wa Zamu

Fundi, umenipiga picha bila kufika. Mstari wa tope upo, kimo cha kiuno. Migomba ni ya makamu, hapo naomba mnisaidie kwa sala.

Haigromita nimepata mjini Mbeya. Jaribio la chumvi: ilisoma 70, kwa hiyo naongeza tano kila nikipima. Wiki nzima nimepima saa mbili asubuhi, naweka hapa ikiwa imeshaongezwa:

Jumatatu 86. Jumanne 82. Jumatano 79. Alhamisi 77. Ijumaa 75. Nikafurahi, nikajua kusogeza shelfu kumefanya kazi. Jumatatu iliyofuata: 87.

Mvua haikunyesha wikiendi. Sielewi.

#13 Kipima Mvua

Ijumaa mchana mnafanya nini humo ndani?

#14 Mwalimu wa Zamu

Hatufanyi kitu. Ni usafi wa jumla tu, wanafunzi wanadeki, tunafunga mpaka Jumatatu.

#15 Kipima Mvua

Wanadeki.

#16 Mwalimu wa Zamu

Ooh.

#17 Kijana wa Kiwira

😂😂😂 Ndoo ngapi mwalimu?

#18 Mwalimu wa Zamu

Mbili. Wakati mwingine tatu, wakipangwa wasichana wa kidato cha nne hawa hawataki mchezo. Na mimi huwa nawasifia.

#19 Kipima Mvua

Msiwacheke, shule zote tunafanya hivyo, hata yangu. Lakini tupige hesabu. Chumba cha mita 8 kwa 6, kwenda juu tuseme 3, ni mita za ujazo 144. Kwa nyuzi 16, hewa yote humo ikijaa maji mpaka haiwezi tena, inabeba chini kidogo ya lita mbili. Wewe unamwaga ndoo mbili, unakamua kidogo, sakafu ya simenti inakunywa, unafunga madirisha, unaondoka na ufunguo siku mbili na nusu. Yale maji yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye kitu chochote kikavu kilichomo. Na kilichomo ni karatasi.

Na si deki peke yake. Mtu aliyekaa kimya anasoma anatoa maji kama gramu 40 hadi 50 kwa saa kwa pumzi na ngozi. Wanafunzi 40 kwa vipindi viwili vya pamoja wanaacha zaidi ya lita mbili, bado masweta yaliyonyeshewa. Sisemi msiwaruhusu kusoma! Nasema wakitoka, madirisha yabaki wazi nusu saa.

#20 Mtu wa Mahindi

Naunga mkono. Kwa baridi ya mwezi huu nashauri jioni muweke jiko la mkaa katikati ya chumba, joto likipanda unyevu unashuka. Hilo ni la kisayansi, msinikatae tena.

#21 Mkutubi Mstaafu

Kanuni umeipata, jiko hapana. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko haikuamka. Ongeza na cheche kwenye karatasi. Jiko la mafuta ya taa au la gesi ndiyo kabisa, moto wake wenyewe unazalisha mvuke.

#22 Kipima Mvua

Niongeze hapo, kwa sababu Mtu wa Mahindi safari hii kagusa jambo. Mwezi wa sita na wa saba kwenye baridi, kufungua madirisha peke yake hakutoshi. Ile hewa ya ukungu ya nyuzi 12 ina maji machache kwa kweli. Ingepashwa mpaka nyuzi 20 ingekuwa asilimia 60 tu, safi kabisa. Shida ni kwamba chumba chenyewe kina nyuzi 14 na hakuna kinachokipasha. Nyuzi nne tu zinatosha kuleta tofauti: hewa ya nyuzi 14 yenye asilimia 90 ukiipandisha mpaka 18 inashuka kama 70.

Bila umeme mwingi, mpashaji wako ni jua. Yale madirisha mawili yaliyozibwa na shelfu yafunguliwe. Mapazia meusi yatoke, ila vitabu visikae kwenye mwanga wenyewe. Fungua jua likishapanda, kuanzia saa nne, funga saa kumi kabla baridi haijashuka. Msimu wa mvua, mchana ule wa fukuto baada ya mvua kupiga, usifungue: hewa ya nje ina joto na imebeba maji, ikiingia kwenye kuta za baridi inayamwaga humo. Pima nje, pima ndani, ndipo uamue.

Mashine za kukausha hewa zipo, lakini zile za kompresa zinachoka zenyewe chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Kwa huku zinakula umeme tu.

#23 Mhehe wa Mjini

Kamwene. Sisi Iringa mjini tunaita hii shida ya watu wa Mufindi na Rungwe. Huku shida yetu vumbi na mchwa. Nimepita kusalimia.

#24 Binti wa Kyela

Njoo Kyela basi uone. Huku hakuna kuta za baridi, ni joto na unyevu mwaka mzima. Hata viatu vinaota. Vyeti vyangu nimeviweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, nikivikausha mara kwa mara. Vinafanya kazi kwenye ndoo, kwa chumba sahauni.

Nina swali: kitabu kikiloa maji kabisa, bati limevuja, inakuwaje? Kilitukuta mwezi wa nne.

#25 Mkutubi Mstaafu

Hapo unashindana na saa. Siku mbili, tatu, ukungu umeshaota. Vichache: weka karatasi nyeupe za kunyonya kila baada ya kurasa kadhaa, zibadilishe zikiloa, kisimamishe penye upepo. Gazeti kama huna jingine, lakini wino wake unahamia. Vile vyenye kurasa za kung'aa ndivyo vya kuwahi kwanza, zikikauka zimegusana hazibanduki tena. Vikiwa vingi kuliko mikono, vifunge kwenye mifuko ya nailoni uombe nafasi kwenye friza ya muuza samaki. Baridi haiui ukungu, inausimamisha, kisha unavitoa vichache vichache kukausha. Muuza samaki atashangaa, mwache ashangae.

#26 Mwalimu wa Zamu

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Kabla sijaleta mrejesho, mzee nisaidie hili. Kuna vitabu kama themanini havifai, kurasa zimekuwa jiwe. Makamu anasema tuchome.

#27 Mkutubi Mstaafu

Vimo kwenye leja? Basi ni mali ya umma, usichome hata kimoja kwa maneno ya mdomo. Orodhesha namba, jina, hali. Vifunge kwenye maboksi, boksi lifungwe kwa gundi, likae nje ya maktaba. Mkuu wa shule aanzishe utaratibu wa kufuta mali chakavu kwa maandishi. Wadhibiti ubora wakija wakakuta leja inasema 1,300 na shelfu inasema 1,220, majivu hayatakutetea.

Angalia pia ni vipi vya kupigania. Mtaala mpya ulianza 2024, vingi vya kiada vya zamani vitatoka tu kadri madarasa yanavyohamia huko. Usikeshe unapiga brashi kitabu ambacho hakitatumika. Kamusi, atlasi na riwaya hazina mtaala, anza nazo.

#28 Mwalimu wa Zamu

MREJESHO. Wiki ya sita tangu nianzishe uzi.

Shelfu zote zimesogea, zipo juu ya tofali. Shelfu ya plaiwudi tumeivunja. Ukuta tumekwangua tukapaka chokaa mikono miwili, vijana wameona sasa chumba kina mwanga, wanakuja wenyewe. Udongo wa nje umeondoka kwa Jumamosi mbili za majembe. Migomba ya makamu: mitatu imekatwa, mikungu amepelekewa nyumbani, tunaongea vizuri. Gata bado, bodi ya shule imesema "tutaona", na mvua za Novemba haziko mbali. Hapo nina wasiwasi, sitawadanganya.

Vitabu tumepiga brashi kama mia nne. Wanafunzi watano, barakoa, barazani, saa moja kwa siku. Vilivyobaki vinaweza kusubiri kwa sababu havioti tena: nimegusa kwa brashi, vinapukutika.

Kudeki tumeacha. Wanafagia, wanapita na kitambaa kilichokamuliwa, Jumatatu asubuhi na si Ijumaa, madirisha yakiwa wazi. Wasichana wa kidato cha nne hawakupenda, wanasema maktaba sasa inaonekana ya wavulana.

Jumatatu iliyopita: 71. Jana: 68. Sijafika 60 ya mzee na kwa mwezi huu sidhani nitafika.

Yule kijana wa pumu haingii bado, nimemwekea meza barazani, vitabu anatolewa. Leo aliniomba atlasi.

#29 Mkutubi Mstaafu

68 kutoka 87 kwa chokaa na majembe. Endelea kupima. Siku ikipita 75 niandikie hapahapa.

#30 Kijana wa Kiwira

Huku Kiwira leo jua limewaka kweli kweli. Mwalimu, fungua madirisha.

#31 Mwalimu wa Zamu

Yako wazi tangu saa nne.